Mani planti inataka mwanga kabla ya maji

Swali linalonifikia mara nyingi kuhusu mani planti ni hili: nimwagilie mara ngapi kwa wiki? Nami huuliza kwanza: umeiweka wapi? Mmea ulio kando ya dirisha hunywa maji haraka, na chungu chake huweza kukauka ndani ya siku nne au tano za joto. Mwingine wa umri ule ule, uliowekwa juu ya kabati la vyombo kwenye kona ya sebule, utakaa wiki tatu na udongo ungali mbichi. Anayeipa yote miwili kikombe kimoja kila Jumamosi ataua mmoja, na kwa kawaida utakaokufa ni ule wa kona. Majani yatageuka manjano, mwenyewe atadhani ni kiu, ataongeza maji, na mizizi iliyokwisha kuanza kuoza itamalizikia hapo. Mmea huu hufa hivyo katika nyumba nyingi, mikononi mwa mtu anayeupenda na kuuhangaikia. Ndiyo maana nitaanza na dirisha, na mambo ya maji nitayafikia baadaye.

Ninazungumzia mani planti ya kawaida, ile yenye majani ya umbo la moyo, kijani kilichopigwa michirizi ya manjano, inayoning'inia saluni, kwenye kaunta za maduka ya dawa na kwenye grili za veranda kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Jina lake la kitaalamu ni Epipremnum aureum. Vitabu vya zamani huiita Pothos au Scindapsus, kwa sababu wanabotania waliihamisha kutoka kundi hadi kundi tangu ilipoelezwa mara ya kwanza mwaka 1880 mpaka ilipotulia kwenye jina la sasa mwaka 1964. Kwao ni Mo'orea, kisiwa kilicho jirani na Tahiti katika Bahari ya Pasifiki. Huko huanzia chini ya miti mikubwa, hutambaa ardhini hadi ikute kigogo, kisha hukipanda kwa mizizi ya hewani ikiufuata mwanga ulio juu.

Tabia hiyo ya kupanda inaeleza karibu kila kitu kuhusu mmea huu. Kuning'inia ni namna tuliyoichagulia sisi, kwa kuwa inapendeza rafuni. Mahali ambapo mtu aliipanda zamani chini ya mwembe au mnazi akaiacha, hasa Pwani, utakuta majani yake yamezidi nusu mita, mazito, yamechanika pembeni, na shina limenenepa na kuung'ang'ania mti hadi juu kabisa. Wengi hawaamini kuwa ni mmea ule ule walio nao juu ya friji. Ni huo huo. Ule wa nje umepata mwanga na kitu cha kushikilia. Ule wa ndani umebaki na majani ya utoto maisha yake yote.

Sasa, mwanga wenyewe. Macho ya binadamu hujirekebisha upesi, hivyo kona inayomtosha mtu kutazama televisheni inaweza kuwa na sehemu ndogo sana ya mwanga ulioko dirishani. Kila hatua unayopiga kuingia ndani, mwanga hushuka kwa kiasi kikubwa. Nyumba zetu nazo zimejengwa kukimbia jua: upenu mrefu, veranda, pazia zito, mti wa jirani, na wavu wa mbu uliojaa vumbi la mwaka mzima. Kabla hujanunua mbolea au chungu kipya, osha wavu wa dirisha. Ni kazi ya nusu saa, na katika nyumba ya kando ya barabara ya vumbi mmea utaitikia kuliko utakavyoitikia dawa yoyote ya dukani.

Kipimo ninachokiamini hakihitaji kifaa. Saa sita mchana, taa zikiwa zimezimwa, weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka chungu, kisha nyosha mkono juu yake kwa kimo cha shibiri moja na nusu. Ukiona kivuli cha mkono chenye vidole vinavyotambulika, mani planti itakua vizuri hapo. Ukiona wingu tu la kivuli lisilo na kingo, itaishi bila kukua sana. Usipoona kivuli chochote, hapo weka picha au kinyago.

Upande gani wa nyumba? Hapa tahadhari na ushauri ulioandikwa Ulaya. Kule jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo vitabu vyao husifu au kuogopa dirisha la kusini. Nairobi, iliyo karibu kabisa na ikweta, jua la mchana huegemea kaskazini kwa nusu ya mwaka, kuanzia Machi hadi Septemba, halafu huhamia kusini. Dar es Salaam huegemea kaskazini kuanzia Machi hadi mapema Oktoba, na kusini katika miezi iliyobaki. Tena saa sita linakuwa juu sana, karibu na utosi, kiasi kwamba upenu hulizuia lisiingie ndani. Kwa nyumba zetu, madirisha yenye nguvu ni ya mashariki na ya magharibi. La mashariki ndilo bora: jua la asubuhi ni pole, na mani planti hulifurahia hata likigusa majani kwa saa moja au mbili. La magharibi lina jua la saa tisa na saa kumi, kali, linalobabua majani na kuyaachia mabaka makavu ya rangi ya kahawia. Kama huna dirisha jingine, sogeza chungu mita moja pembeni au weka pazia jepesi linalopitisha nuru. Madirisha ya kaskazini na kusini yanafaa kabisa mradi mmea ukae karibu nayo.

Mmea wenyewe hukwambia kama umechagua vema. Tazama pingili, yaani nafasi kati ya jani moja na linalofuata. Zikiwa fupi na kila jani jipya likilingana na lililotangulia au kulizidi, usiguse kitu. Zikirefuka, majani mapya yakawa madogo na shina likaonekana kama uzi, mmea unatafuta nuru. Watu wengi huona urefu huo wakafurahi, wakadhani umenawiri. Shina la mita tatu lenye majani machache kwenye ncha ni dalili ya njaa. Dalili nyingine ni michirizi ya manjano kufifia na majani kuwa kijani kitupu. Sehemu ya manjano au nyeupe haina kijani cha kutosha cha kutengenezea chakula, hivyo penye giza mmea hupunguza urembo huo ili ujilishe. Aina iitwayo Marble Queen, yenye weupe mwingi, huhitaji nuru zaidi kuliko ile ya kawaida kwa sababu hiyo hiyo, nayo hukua polepole hata ikiwa na raha. Ukiwa na ofisi isiyo na dirisha, taa ya LED nyeupe iliyo umbali wa sentimita thelathini hadi arobaini, ikiwashwa saa kumi na mbili kwa siku, hutosha.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze maji, na kanuni ni moja: mwagilia udongo ukikauka, hata kama ni siku ya nne au ya ishirini. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na ubichi, ondoka. Kukiwa kukavu, mwaga maji taratibu mpaka yatokee chini, yaache yachuruzike yaishe, kisha rudisha chungu mahali pake. Kikombe kidogo cha kila siku ni kibaya kuliko kumwagilia kwa kushiba na kungoja, kwa sababu hulowesha juu tu na kuacha mizizi ya chini bila kitu, au, chungu kikiwa hakina tundu, hujikusanya chini na kuozesha. Baada ya miezi michache hutahitaji kidole. Utainua chungu na kujua kwa uzito.

Majani yakinyong'onyea, gusa udongo kabla ya kukimbilia jagi. Majani yaliyolegea juu ya udongo mkavu yana kiu na yatasimama tena baada ya saa chache za kunywa. Majani yaliyolegea juu ya udongo ulioloa yanakuonyesha kuwa mizizi haifanyi kazi. Toa mmea chunguni uitazame: mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa na ni migumu, iliyooza ni myeusi, hunyofoka na kunuka. Ikiwa imebaki michache mizima, kata yote iliyooza, badili udongo, na upande kwenye chungu kidogo zaidi. Ikiwa imeisha yote, usipoteze wiki kuubembeleza. Chukua mashina ambayo bado ni mazima, uyakate na kuyaotesha upya kama nitakavyoeleza. Jani moja la chini linalogeuka manjano kila baada ya muda, wakati mengine yana afya, ni uzee tu.

Maji ya kisima cha Pwani yana chumvi, na chumvi hujilimbikiza chunguni hadi ncha na kingo za majani zinakauka na kuwa kahawia, na utando mweupe unaonekana juu ya udongo. Kinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli. Ukikosa, mara moja kila mwezi au miwili mwagilia maji mengi mfululizo yapite chini na kuondoka na chumvi.

Udongo uwe mwepesi. Udongo wa mfinyanzi, pamoja na ule mweusi wa nyanda za Nairobi unaopasuka wakati wa kiangazi, hushika maji na kuibana mizizi. Mimi hupendelea sehemu mbili za udongo wa bustani wenye mboji, sehemu moja ya mchanga wa mtoni ulio mkubwa mkubwa, na sehemu moja ya nyuzi za makumbi ya nazi au pumba za mpunga zilizochomwa. Mchanga wa baharini haufai. Na makumbi yenyewe, hasa yanayotoka vijiji vinavyosokota kamba kama vya pwani ya mashariki ya Unguja, huwa yamefukiwa ufukweni miezi mingi ili yalainike. Yanakuja na chumvi nyingi. Yaloweke, mwaga maji, loweka tena, mpaka maji yakionjwa yasiwe na ladha ya chumvi.

Chungu chochote kinafaa mradi kina tundu. Ndoo ya rangi iliyosafishwa, kopo la maziwa, chungu cha mfinyanzi, vyote sawa; toboa kwa msumari uliopashwa moto. Chungu cha udongo hupumua na kukauka haraka, kwa hiyo kinamfaa mwenye mkono mzito wa maji. Unapohamisha mmea, ongeza upana kidogo tu, vidole viwili hivi. Chungu kikubwa mno hubaki na maji ambayo mizizi haijafika kuyanywa.

Kuna jambo ambalo sitalipitia haraka. Mani planti huishi kwenye chupa ya maji kwa miaka, na nyumba nyingi huiweka hivyo, mezani, bafuni, kwenye rafu za vitabu. Inapendeza. Lakini chupa hiyo ni mazalia ya mbu, tena wa aina ya Aedes, anayeng'ata mchana na kueneza dengue na chikungunya. Mbu huyu hapendi mtaro mchafu. Anataka maji masafi yaliyotulia ndani au karibu na nyumba, kivulini. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi mingi yakingoja maji yapande yayafikie. Katika joto la Pwani, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hadi siku kumi. Chikungunya iliandikwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Lamu iliugua sana mwaka 2004, wakati wa ukame, ambapo watu walikuwa wakihifadhi maji majumbani. Dar es Salaam ilipata milipuko mikubwa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na Mombasa mwaka 2013 na 2017. Aliyewahi kuugua anajua maumivu ya viungo yanavyomweka mtu kitandani.

Kwa hiyo, ukiamua kutumia chupa, fanya mambo haya bila kukosa hata wiki moja. Mwaga maji yote. Kuongezea juu hakusaidii, kwani kunayapandisha maji hadi kwenye mayai. Sugua ukuta wa ndani kwa brashi ya chupa, hasa pale maji yanapofikia, maana kusuuza tu hakung'oi mayai. Suuza mizizi pia chini ya bomba. Kisha jaza upya na uzibe shingo ya chupa kwa pamba au kipande cha wavu kilichobana shina pande zote. Ukiona viluwiluwi, mwaga maji hayo kwenye udongo mkavu, juani, mbali na mtaro. Kama ratiba yako haikuruhusu kufanya hivyo kila wiki, panda kwenye udongo. Nawaomba hasa wenye nyumba za wageni, zahanati na shule wanaopanga chupa nyingi kwa ajili ya urembo: hamishieni kwenye udongo zote. Sahani za chini ya vyungu nazo humwagwa maji baada ya kumwagilia, au hujazwa mchanga ili maji yasikae wazi.

Mmea wa chupani pia huhitaji chakula, kwa sababu maji matupu hayana karibu chochote. Matone machache ya mbolea ya maji kila mwezi yanatosha. Chupa ya rangi ya kahawia au ya kijani ni bora kuliko ya kioo cheupe, maana nuru ikiingia ndani huota mwani.

Kuhusu umbo la mmea. Mani planti haitoi matawi mengi yenyewe. Ncha ya shina huzuia machipukizi ya nyuma yasiamke. Anayeogopa mkasi ataishia na mashina mawili marefu na kichwa cha chungu kilicho kipara. Kata. Kata juu kidogo ya kifundo, pale jani linapoungana na shina, na baada ya wiki kadhaa chipukizi litatokea hapo au nyuma yake. Vipande ulivyokata vioteshe na uvirudishe kwenye chungu hicho hicho, vitano au sita kwa pamoja, na utapata ule ujazo unaouona kwenye vitalu vya kando ya barabara. Wauza miche hawana siri nyingine: chungu chao kina vipandikizi vingi vilivyopandwa pamoja. Njia nyingine ni kulaza shina refu juu ya udongo na kulibana kwa waya uliopindwa. Kila kifundo kinachogusa udongo kitaota mizizi.

Ukitaka majani makubwa, iache ipande. Simika nguzo iliyofungwa nyuzi za makumbi, zilizooshwa chumvi, uzinyunyizie maji ziwe na ubichi, na uufunge mmea kwa kamba laini mpaka mizizi ya hewani ishike. Jani la tatu au la nne litakuwa limeanza kukua upana. Usiiache ipande ukuta wa nyumba ya kupanga, kwa sababu mizizi ikibanduliwa hutoka na rangi. Na chungu cha kuning'iniza kilicholoa ni kizito. Dari la jipsamu halikibebi. Tundika kwenye boriti, kwenye zege, au kwenye grili ya dirisha, ambayo tayari iko karibu na nuru.

Mbolea ni ya mmea unaokua. Samadi iliyooza kabisa, kiganja kimoja juu ya udongo kila baada ya miezi mitatu, inatosha mmea wa dirishani. Mbolea ya kupulizia majani nayo hufaa ikipunguzwa nguvu kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwa mazao. Urea na CAN ziache shambani. Udongo mchache wa chungu hauna mahali pa kuzipeleka, nazo huunguza mizizi. Majani ya chai na maganda ya ndizi yaliyorundikwa juu ya chungu huleta ukungu na vinzi vidogo vyeusi. Yapeleke kwenye shimo la mboji kwanza. Mani planti iliyoko gizani usiiwekee mbolea yoyote. Haikui, kwa hiyo haina kazi nayo.

Vumbi juu ya majani ni kivuli kingine. Futa kwa kitambaa kilicholoa, kila jani, mara moja kwa mwezi au zaidi wakati wa kiangazi. Mafuta ya kupikia, mayonezi na maziwa, ambavyo watu hutumia kung'arisha majani, huacha utando unaonasa vumbi na kuziba vitundu vya kupumulia.

Unapofuta majani ndipo utakapoona wadudu mapema. Vidung'ata huonekana kama pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani. Waguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti, rudia baada ya wiki, na tena. Utitiri huja penye ukavu, hasa chumba chenye kiyoyozi, na kuacha nukta za weupe na utando mwembamba. Uogeshe mmea wote bombani, chini ya majani hasa, kisha upulizie maji yenye sabuni kidogo na mafuta ya mwarobaini jioni, jua likiwa limetua. Mmea wenye wadudu tenga na mingine.

Nyanda za juu zina kalenda yake. Limuru, Njombe na Mbeya, Juni na Julai hufika baridi ambayo mani planti haiipendi. Chini ya nyuzi 15 za Selsiasi ukuaji husimama, na chini ya 10 majani huanza kuharibika na kuwa na mabaka meusi. Iondoe kwenye kioo cha dirisha usiku, punguza maji hadi udongo ukauke zaidi ya kawaida, na usibadilishe chungu mpaka joto lirudi.

Wenye watoto wadogo, paka au mbuzi wasikilize hapa. Mani planti ni ya ukoo mmoja na magimbi, na kama gimbi bichi, ina chembe za kalsiamu oksaleti zenye ncha za sindano. Anayetafuna jani atapata muwasho mkali mdomoni na kooni, mate yatamtoka, midomo inaweza kuvimba. Suuza kinywa kwa maji, mpe maziwa au maji baridi anywe kidogo kidogo, usimtapishe, na mkimbize hospitali akivimba au akipata shida ya kumeza au kupumua. Tofauti na gimbi, huu haupikwi ukaliwa. Mashina yanayoning'inia yafike juu ya kimo cha mtoto anayetambaa, na nawa mikono baada ya kukata, maana utomvu huwasha ngozi za baadhi ya watu.

Wauzaji husema pia kuwa inasafisha hewa ya nyumba. Chanzo ni utafiti wa NASA wa mwaka 1989 ulioongozwa na Bill Wolverton, ambapo mimea iliwekwa ndani ya visanduku vilivyofungwa na kweli ilipunguza baadhi ya kemikali. Nyumba si kisanduku kilichofungwa. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Cummings na Waring, walipitia tafiti za aina hiyo na kukokotoa kuwa ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kushindana na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida katika jengo. Nalisema hili kwa sababu ya msimu wa baridi, watu wanapoingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Hakuna mmea utakaokulinda na gesi ya mkaa. Toa jiko nje.

Imebaki kuotesha, na hapa mani planti ni karimu kuliko mmea wowote ninaoujua. Karibu haitoi maua kabisa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2016 walionyesha kuwa ina hitilafu katika kutengeneza homoni moja ya kuchochea maua, na walipoipulizia homoni hiyo ilichanua. Kwa kuwa haina mbegu za kutegemea, imeenea duniani kwa vipande vya shina vilivyopita mkono hadi mkono. Chukua kipande chenye vifundo viwili au vitatu. Tazama kifundo: pana kinundu kidogo cha kahawia, hicho ni mzizi unaosubiri. Jani pekee bila kifundo litakaa kijani majini miezi mingi lakini halitazaa mmea. Ondoa jani la chini, zamisha kifundo kimoja, weka penye nuru isiyo na jua kali, na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili tatu. Pwani mizizi huonekana ndani ya wiki mbili hivi. Nyanda za juu wakati wa baridi huchukua mara mbili ya hapo. Ikifika urefu wa kidole kidogo, hamishia kwenye udongo na uuweke ubichi kwa siku kumi za mwanzo, kwa maana mizizi iliyozoea maji hushtuka ikikutana na ukavu.

Mabaki ya kukata usiyatupe kando ya mto au pembezoni mwa msitu. Sri Lanka na Hawaii mmea huu umetoroka bustanini ukavamia misitu na kufunika miti ya asili, na hali ya hewa ya Pwani yetu unaipenda vile vile. Yaanike juani yakauke kabisa ndipo yaende kwenye mboji.

Ukimpelekea mtu kipandikizi safarini, funga vifundo kwa gazeti lililoloa na kukamuliwa, uviringishe mfuko mwepesi juu yake na kuacha majani nje, kisha ubebe mkononi ndani ya basi, kwani ndani ya buti joto litakitokosa. Kwa njia hiyo hukaa siku mbili bila kudhurika. Kama safari inavuka mpaka, Namanga au Sirari, mmea wowote huhitaji cheti cha afya ya mimea, hata tawi moja. Ni rahisi zaidi kuomba kipande kwa jirani wa huko uendako.